Juma Letu, na Daftari la Jumamosi



Mara nyingi mmesoma katika kurasa kama hizi habari za sikukuu: upadrisho, jubilei, kubarikiwa kwa kanisa jipya. Hayo ni mambo ya furaha, nasi twapenda kuyasoma. Walakini sikukuu huja na kupita, na baada yake hurudi siku za kawaida, nazo ndizo nyingi. Leo twataka kuwapasha habari za juma la kawaida katika parokia ndogo, huku kwetu kwenye njia itokayo Masasi na kupanda uwanda wa Makonde hata Newala. Kisha tutawaeleza shauri moja lililotupata mwezi wa Novemba mwaka 2023, kwani tumesikia ya kuwa shauri kama hilo liko hata kwenu.

Msomaji asiyeijua nchi hii na ajue kwanza habari ya maji. Ardhi ya juu ya uwanda ni mchanga; mvua ikinyesha huzama yote, wala huoni mto wala kijito. Chemchemi zatoka chini, kwenye miguu ya mteremko. Wazee wetu walikimbilia huku juu zamani za vita na za watekaji watumwa, wakajificha katika vichaka vinene ambavyo adui hakuweza kuvipenya, na bei ya usalama huo ililipwa na wanawake. Bibi zetu walishuka jogoo wa kwanza na mitungi kichwani, wakarudi jua limekwisha kuwa kali. Katika miaka ya 1950 ulijengwa mradi wa kupandisha maji kwa mitambo, ukawa faraja kubwa, lakini bomba halikufika kila mlango. Kwa hiyo nyumba nyingi zimechimba kisima cha kuvunia mvua uani, kikasakafiwa kwa saruji, na bati la nyumba huikinga mvua na kuipeleka humo. Mwenye kisima cha namna hiyo ana mali, tena ana majirani wengi. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Injili ilifika nchi hii kwa njia mbili. Ndugu zetu Waanglikana walitangulia: Askofu Steere alifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Wabenediktini walikuja baadaye, wakaanza Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Misioni hizo mbili ziliteketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza tena, mara hii Ndanda. Hata Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa nchini, na makanisa mengi yakabaki pasipo padre. Nani aliyewakusanya watu Jumapili? Ni walimu wa dini, watu wenye mke na watoto na jembe, wasiojua Kilatini ila majibu ya Misa. Tangu zamani hizo mpaka leo Kanisa la huku limezoea kwenda kwa miguu ya watu wa kawaida.

Basi, juma letu. Jumatatu ni siku ya ukimya. Padre wetu ni mmoja, na vigango vyake ni vitano, viwili vikiwa chini bondeni upande wa Ruvuma. Jumapili amekuwa barabarani tangu alfajiri juu ya pikipiki, na Jumatatu hulala mpaka saa moja, wala hapana amwonaye vibaya. Jumanne hatuna la kusimulia.

Jumatano akina mama wa WAWATA hujifunga vitenge vyao na kuwatembelea wagonjwa. Umoja huu wa wanawake Wakatoliki ulianzishwa nchini Tanzania mwaka 1972, na katika parokia nyingi ndio mkono wa kuume wa padre, ingawa katika vikao vya baraza la parokia wanaume ndio wasemao sana. Huchukua unga, sabuni, na ndoo ya maji. Mtu wa pwani atastaajabu, ndoo ya maji kwa mgonjwa! Lakini mgonjwa asiye na mtu wa kumchotea hana namna ya kunywa dawa wala kuoga. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa hospitali ya Ndanda, na kabla gari halijaondoka nauli huchangwa pale pale mlangoni.

Alhamisi jioni ni kwaya. Kinanda cha umeme kipo, na umeme hukatika. Ngoma haijakatika hata siku moja. Ijumaa za Kwaresima huwa na Njia ya Msalaba, tukizunguka kanisa chini ya mikorosho, na watoto wa Utoto Mtakatifu hutangulia na msalaba wakishindana nani aushike. Jumapili tena mwaijua wenyewe. Padre akiwapo ni Misa. Asipokuwapo mwalimu huongoza ibada, husoma masomo, na watu hukaa vile vile mpaka mwisho, hata matangazo, ambayo kwetu ni marefu kuliko mahubiri.

Tumeiruka Jumamosi kwa makusudi, maana ndiyo tunayotaka kuieleza kwa urefu.

Mwaka 1973, na tena mwaka 1976, maaskofu wa Afrika ya Mashariki katika umoja wao wa AMECEA walikutana Nairobi, wakaazimu Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo: majirani wachache wasomao Injili pamoja na kusaidiana, ili Mkristo asiwe mgeni katika umati wa Jumapili. Shauri hilo liliota mizizi Tanzania upesi, huenda kwa sababu watu walikwisha kuzoea kukusanyika kwa nyumba kumi kumi. Kwetu jumuiya ina nyumba kumi na nane. Hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, leo nyumba hii, juma lijalo nyumba ile. Mwenye nyumba hufagia uwanja tangu jana yake. Mkeka hutandikwa, na bibi asiyejua kusoma hukaa pamoja na kijana wa kidato cha nne. Kijana husoma Injili ya Jumapili, na aghalabu bibi ndiye aielezaye vizuri zaidi, kwani mambo ya mbegu na magugu na mfanyakazi asiyelipwa ujira wake ameyaona kwa macho. Baada ya sala huja mambo ya ujirani: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani na nani hawasemeshani tangu mbuzi alipokula mihogo. Husikilizwa, na mara nyingine hupatanishwa kabla uji haujapoa.

Mwisho hufunguliwa daftari. Lina majina yote, na kila Jumamosi hutiwa alama ya aliyefika, na fedha alizotoa za zaka na za tegemeza jimbo. Sisi tuandikao haya ndisi tulioshika daftari hilo katika jumuiya yetu, kwa hiyo twalijua vema. Ni daftari jema. Kwa hilo twajua nani ametoweka majuma matatu, tukaenda kumtazama, na mara mbili tumemkuta mtu kitandani peke yake. Lakini katika parokia kadha wa kadha daftari limepewa na kazi nyingine. Mtu akitaka kubatiza mtoto, au kufunga ndoa, au akifa, jumuiya hutakiwa kuandika barua ya kushuhudia kwamba ni mwamini hai. Pasipo barua, mambo husimama. Hata kwetu desturi hiyo ilikuwapo, nayo ndiyo iliyotuletea shauri lenyewe.

Tulikuwa na bibi mmoja mjane, aliyebatizwa akiwa msichana. Nyumba yake ilikuwa kijijini katikati yetu, lakini mikorosho yake ilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hili si jambo la ajabu huku. Zamani kila mtu alijenga palipo na shamba lake. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 watu walikusanywa katika vijiji vya ujamaa, nyumba zikaja barabarani na mikorosho ikabaki porini. Wenye umri wetu wakumbuka matokeo yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilitoa tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Zilikuwapo sababu nyingine pia, ugonjwa wa ubwiriunga na bei mbaya na malipo yaliyochelewa, lakini mkorosho ulioachwa pasipo mtu wa kuupalilia haungojei. Baadaye watu walirudi kuitunza mikorosho yao, wakajenga huko vibanda vya kulala. Tangu Juni ni kupuliza salfa. Tangu Oktoba korosho huanguka zenyewe, na sharti ziokotwe kila siku, kwani usipoziokota wewe ataziokota mwingine. Kwa hiyo nusu ya mwaka mtu ana nyumba kijijini na kitanda shambani.

(Tusiwafiche pia kwamba Oktoba ndio wakati wa mabibo, na mabibo hutoa uraka, na uraka wa Ijumaa usiku si rafiki wa sala ya Jumamosi alfajiri. Wanaume kadhaa ambao daftari lasema walikuwa shambani, shamba lao tunalijua.)

Bibi yule hakuwa na kijana wa kumsaidia. Watoto wake wawili wako Dar es Salaam. Mwaka ule alikwenda shambani mwezi wa Juni, na daftari likaonyesha Jumamosi kumi na tisa pasipo alama, wala zaka, maana zaka yake aliitoa sikuzote baada ya chama cha msingi kumlipa korosho zake. Siku ya Alhamisi mwezi wa Novemba aliletwa juu ya baiskeli, anahema, na usiku ule akafariki.

Asubuhi watu walikusanyika. Kamati ya jumuiya ilikaa chini ya mwembe ili kuandika barua, na mwenyekiti akasema hataiandika. Wasomaji wasimhukumu upesi. Ni mtu mwadilifu, na maneno yake tutayaleta kama alivyoyasema. Alisema: "Mwaka juzi mtoto wa ndugu yangu mwenyewe alinyimwa barua ya ndoa kwa majuma manane tu. Nilinyamaza, kwa sababu ni sheria yetu sote. Leo nikimpa huyu mwenye kumi na tisa, nitamtazamaje ndugu yangu? Na ninyi mnaoamka alfajiri kila Jumamosi, mnaochimba kaburi na kubeba maji, mnafanya hivyo kwa nini, ikiwa asiyefika hupata kama afikaye?" Watu wakanyamaza, kwani neno lake lilikuwa na uzito.

Ndipo alipokuja kaka wa marehemu. Huku kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na msibani neno lake halipitwi. Mzee huyo ni Mwislamu. Jambo hili nalo ni la kawaida, nyumba moja ina Mkatoliki na Mwanglikana na Mwislamu, na wakati wa kuchimba kaburi hapana aulizaye dini ya jembe. Alitusalimu kwa adabu, akasema: "Wanangu, dada yangu alichagua njia yenu, nami sikumzuia. Sala yenu siijui. Lakini jua likipinduka, nikiwaona mngali mnahesabu, nitamzika mimi kwa sala ninayoijua." Kisha akaenda kukaa na wanaume wenzake.

Hakusema kwa hasira. Laiti angalisema kwa hasira, ingalikuwa rahisi kumjibu.

Padre alikuwa kigango cha bondeni, ambako simu haishiki. Kijana mmoja alipanda pikipiki kumfuata. Katika kumngoja, mama mmoja wa WAWATA aliomba tumfungulie daftari, si ukurasa wa mahudhurio bali ule wa nyuma, tunakoandika mambo ya misiba. Akatusomesha kwa sauti. Mwezi wa Septemba 2021, msiba wa fulani, madebe kumi na mawili ya maji: kisima cha bibi. Oktoba 2022, msiba wa fulani, madebe kumi: kisima cha bibi. Wakati wa kiangazi, visima vya wengine vikiwa vikavu, sisi tulizika wafu wetu kwa maji ya mwanamke huyu, na miezi hiyo yote mwenyewe alikuwa shambani, ufunguo wa kifuniko ameuacha kwa jirani na neno kwamba mwenye msiba asiulizwe. Mama akafunga daftari akamrudishia mwandishi. Mwenyekiti akasema taratibu, "Hayo ni kweli. Lakini sheria haina ukurasa wa nyuma." Maneno hayo yalisemwa na mtu aliyeonekana kuwa na uchungu, wala hapana aliyecheka.

Saa tano na nusu kijana alirudi, na padre nyuma yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisikiliza pande zote pasipo kuketi. Kisha akatueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, nalo twaliandika hapa kwa faida ya wasomaji. Sheria ya Kanisa, kitabu kilichotangazwa mwaka 1983, yasema katika kanuni ya 1176 kwamba waamini waliofariki hupewa mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 yawataja wanaonyimwa, ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: wale walioiasi imani hadharani, wazushi na wafarakanishi; waliochagua mwili wao uchomwe kwa sababu zinazopingana na imani; na wakosefu wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Penye shaka huulizwa askofu. Akauliza, "Katika hao, bibi ni yupi?" Mtu asiyefika jumuiya hakutajwa humo. Barua, akasema, ni msaada wa kumjua mtu. Pale ambapo watu wote wanamjua, barua ya nini?

Bibi alizikwa saa tisa, karibu na mumewe. Mzee kaka yake alisimama pembeni wakati wa sala, akatupa udongo wa kwanza. Watu wa nchi hii, mkubwa kwa mdogo, hupenda kulala kwao. Hata Rais wa awamu ya tatu, Benjamin William Mkapa, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2020, aliletwa nyumbani Lupaso, huku huku wilaya ya Masasi, akazikwa tarehe 29. Kaburi la mjane halikuwa na mizinga wala wageni wa mbali, lakini vijana walishindana kulifukia.

Msidhani mambo yaliishia hapo kwa amani. Juma lililofuata nyumba tatu hazikuja jumuiya. Zilisema, kama kuja na kutokuja ni mamoja, sisi nasi tutalala. Ndugu wa mwenyekiti alikuja kuuliza habari ya mtoto wake na ile barua ya ndoa, na hapana aliyekuwa na jibu la kumpa. Sisi twaona malalamiko yake ni ya haki. Mzigo wa jumuiya ni mzigo kweli: ni usingizi, ni fedha, ni maji, na anayeubeba hupenda kuona mwenzake akiubeba. Twaona pia kwamba daftari laweza kuonyesha nani hakuwapo, lakini haliwezi kuonyesha alikuwa wapi, na mtu akitaka kujua hilo sharti atembee.

Basi tulitembea. Katika Januari mwalimu alitoa shauri kwamba, ikiwa nusu ya jumuiya hulala shambani nusu ya mwaka, jumuiya na iende shambani. Palikuwa na ubishi. Wazee walihofia nyoka na umande. Lakini tangu Juni 2024 Jumamosi mbili za kila mwezi twasali huko, kwenye kibanda cha huyu au cha yule, na kijana husoma Injili akiwa na bomba la salfa mgongoni, tayari kwa kazi. Zaka hupokewa baada ya mnada, mtu akilipwa, wala haiandikwi deni. Katika daftari tumeongeza safu moja, "shambani", na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeipiga mistari.

Kisima cha bibi kina maji bado. Watoto wake walikuja kwa arobaini, wakaukabidhi ufunguo kwa WAWATA mpaka hapo mmoja wao atakaporudi kuishi.

Lililobaki ni barua za ndoa na za ubatizo. Padre amesema hataki kuamua peke yake. Halmashauri ya walei imelipokea neno hilo, na itakutana korosho zikiisha kuuzwa.